Tangi Moja, Maji Mawili: Nani Amfuate Mwenzake?

Samaki klauni, ambaye ni wa baharini, akitiwa kwenye ndoo ya maji baridi (yaani yasiyo na chumvi) hafi papo hapo. Dakika ya kwanza huhangaika, au hulala ubavu kama aliyezimia, kisha hutulia. Wafugaji wa samaki wa bahari hutumia dakika hizo makusudi. Samaki mwenye vimelea huogeshwa kwenye maji baridi yaliyolinganishwa joto na pH (kipimo cha ukali wa asidi) na tangi lake, kwa dakika tatu hadi tano, ili vimelea vya juu ya ngozi vijae maji na kupasuka kabla samaki mwenyewe hajadhurika. Halafu hurudishwa haraka kwenye chumvi. Anayetaka kuchanganya samaki wa mto na wa bahari katika tangi moja na aanzie kufikiri hapo: maji yanayompasua kimelea kwa dakika chache yatamuua klauni akiachwa humo, na hakuna dawa ya chupa inayobadili jambo hilo.

Sababu imo mwilini. Damu ya samaki wa mifupa, awe wa ziwani au wa baharini, ina chumvi kama robo hadi theluthi ya ile ya bahari. Maji ya bahari yana takriban gramu 35 za chumvi kwa lita. Damu ya samaki hukaribiana na maji ya gramu 9 hadi 12. Samaki wa maji baridi basi anaishi ndani ya maji mepesi kuliko damu yake, na maji humwingia usiku na mchana kupitia matamvua. Hanywi karibu chochote, hukojoa mkojo mwingi mwepesi, na seli maalumu za matamvua humvutia ndani sodiamu na kloridi kidogo zilizomo majini. Wa bahari mambo yake ni kinyume. Maji humtoka, hivyo hunywa bahari muda wote, husukuma chumvi nje kwa matamvua yale yale, na magnesiamu na salfeti huzitoa kwa figo katika mkojo kidogo sana. Farasi-bahari figo zake hazina hata vile vichujio vidogo ambavyo samaki wa mto huvitegemea kumwagia maji ya ziada. Mwili uliojengwa kutunza kila tone utayamwaga vipi mafuriko?

Kutokana na hesabu hiyo ya damu, wengi hufikia wazo moja: tuweke maji ya gramu 10 au 12, kila mmoja asogee hatua, wakutane katikati. Wazo lenyewe lina msingi. Samaki wengi wa bahari wenye mifupa hushushwa hadi kipimo cha uzito wa maji cha 1.009 (maji yasiyo na chumvi ni 1.000) na kukaa humo wiki kadhaa, ikiwa ni tiba ya kimelea cha madoa meupe cha bahari, Cryptocaryon irritans. Katika Chuo Kikuu cha Sayansi cha Okayama, Japani, watafiti walitengeneza maji yenye kiasi kidogo cha madini machache, hasa sodiamu, potasiamu na kalsiamu, na wakafuga humo samaki wa bahari mbali na pwani.

Lakini tiba ya wiki kadhaa si makazi, na maji ya Okayama yalipimwa kwa makini kwa ajili ya ufugaji wa mazao, si kwa tangi la nyumbani lenye samaki wa aina saba waliotoka mito na miamba tofauti. Neoni, diskasi na korido ni samaki wa maji laini yenye pH ya chini ya 7 au karibu nayo. Gramu 10 za chumvi huwakausha. Upande wa pili, kamba wa bahari, viti vya pweza na matumbawe hufuata chumvi ya maji yaliyowazunguka bila kinga yoyote, na huanza kufa kabla hujafika hata nusu ya safari ya kushuka. Unachobaki nacho katikati ni samaki wa mto waliochoka na samaki wa bahari waliochoka, wote wanatumia nguvu zao kubaki hai badala ya kukua. Hatushauri, na hatujaona tangi la namna hiyo lililodumu.

Wazo jingine linalorudi kila mara ni tabaka mbili: chumvi chini, maji baridi juu, kila samaki na ghorofa yake. Tabaka zenyewe ni kweli. Chukua gilasi ndefu, jaza nusu kwa maji ya gramu 35 yaliyotiwa rangi ya chakula, kisha mimina maji baridi taratibu juu ya kijiko kilichogeuzwa. Mpaka utauona wazi, na ukiiacha gilasi bila kuitikisa utakaa kwa muda mrefu. Kwenye milango ya mito bahari hujipenyeza namna hiyo hiyo chini ya maji ya mto kama kabari. Tofauti ni kwamba mto huleta maji mapya saa zote na bahari nayo vivyo hivyo. Tangini kila kitu kinafanya kazi ya kuuvunja mpaka huo. Hita hupasha maji ya chini yakapanda. Samaki mmoja wa sentimita 10 akikimbilia chakula huchanganya maji zaidi ya kijiko. Ukizima pampu ili kuuokoa mpaka, oksijeni inayoingia kutoka hewani hubaki juu, kwa sababu maji mazito ya chini hayapandi kuifuata. Kinyesi na mabaki ya chakula navyo huzama huko huko chini. Bakteria wakimaliza oksijeni iliyobaki, mchanga huanza kuwa mweusi na kutoa harufu ya yai viza. Samaki wa bahari ndio wanaoanza kufa, kwa kukosa pumzi katika maji yenye chumvi sahihi kabisa.

Njia inayofanya kazi ni kuacha kuuliza maji gani yawafae wote na kuuliza ni samaki gani anayejua kuhama. Wapo wengi. Mwatiko huzaliwa baharini na watoto wake hukulia kwenye vijito vya mikoko. Papa wa Zambezi, Carcharhinus leucas, hupanda mito mamia ya kilomita. Perege wa Msumbiji, Oreochromis mossambicus, huishi kwenye mto na kwenye chumvi kamili pia, ila kwa sharti: akitolewa maji baridi na kutupwa moja kwa moja kwenye gramu 35, mara nyingi hufa ndani ya saa chache, akipitishwa kwenye gramu 20 hadi 25 kwa siku kadhaa, hupona na kuendelea. Katika siku hizo seli za matamvua yake hujengwa upya, zile za kuvuta chumvi ndani zikipisha za kuisukuma nje, na utumbo hujifunza kufyonza maji ya chumvi anayoyanywa. Ujenzi huo unahitaji siku na chakula, na hiyo ndiyo sababu kumdondoshea samaki maji ya tangi jipya kwa saa mbili ndani ya mfuko wake wa plastiki hakutoshi. Kudondosha kunasawazisha joto na pH. Hakujengi seli.

Kwa tangi la nyumbani, mhamaji bora ni moli (Poecilia sphenops na P. latipinna). Anauzwa kama samaki wa maji baridi, ni mdogo, ni mpole, hula mwani, na chumvi kamili ya bahari anaiweza maisha yake yote na kuzaa humo. Mtu aliyetaka kumwona samaki wa maji baridi akiogelea kando ya klauni atimize nia yake kwa moli. Wa mto amfuate wa bahari. Klauni asishushwe hata gramu moja kwa ajili hiyo.

Kazi hiyo hufanyika kwenye tangi la pembeni, lita 40 zinatosha kwa moli wanne, lenye chujio ambalo bakteria wake wameshakomaa. Wakae humo wiki nzima kwenye maji waliyotoka nayo, wale vizuri, uone kinyesi na mapezi. Mgonjwa hapandishwi chumvi. Kisha ongeza gramu 2 kwa kila lita, kila baada ya siku mbili. Kwa lita 40 hizo ni gramu 80 za chumvi ya bahari iliyotengenezwa kwa matangi, iliyoyeyushwa kwanza kwenye lita kadhaa ulizozitoa humo humo tangini, ikarudishwa kidogo kidogo ndani ya saa moja. Kwa mwendo huo utafika gramu 34 baada ya mwezi na siku kidogo. Wako wanaomaliza kwa saa sita na baadhi ya samaki hupona. Wanaokufa huanguka siku ya pili au ya tatu, mwenye nao akidhani tayari wamevuka, na hapo hutafuta kosa kwenye chakula au joto. Mwezi mmoja si gharama kubwa kwa samaki atakayeishi miaka.

Mwangalie anavyoogelea katika wiki za mwisho. Maji yamekuwa mazito na mwili unaelea zaidi kuliko alivyozoea, hivyo moli hukaa karibu na uso wa maji na kuinamisha kichwa akijisukuma chini. Akipewa nafasi hurekebisha kibofu chake cha hewa na siku moja unamkuta amenyooka katikati ya tangi. Siku ya kuongeza ikifika kabla hajanyooka, usiongeze tena mpaka anyooke. Hamishia kwenye tangi la bahari pale tu kipimo kinapolingana, na chagua lenye mkondo wa wastani, kwa maana moli hakuumbwa kupambana na mawimbi ya pampu kubwa. Weka na mfuniko: moli hurukia nje, hasa siku ya kwanza akifukuzwa na wenyeji.

Kundi la pili la wahamaji ni samaki wa milango ya mito wenyewe, wale wanaoishi pale chumvi inapopanda na kushuka pamoja na maji kujaa na kupwa. Hapa ndipo penye uzuri mkubwa na pia penye makosa mengi, kwa sababu wengi wao huuzwa wakiwa wadogo, katika maji baridi kabisa, bila neno lolote kuhusu chumvi. Mono (Monodactylus argenteus) mdogo wa sentimita 4 anang'aa kama sarafu na kuogelea kwa raha kwenye maji baridi miezi ya mwanzo. Akikua hapo hapo bila chumvi, rangi hufifia, magonjwa ya ngozi hayamtoki, na hafiki ukubwa wake wa sentimita 25. Skati (Scatophagus argus) ni vivyo hivyo, tena hufika sentimita 30 na ana miiba ya mgongoni yenye sumu inayouma sana, kwa hiyo asishikwe kwa mkono wala kwa wavu mwembamba. Tumia chombo kigumu. Yule samaki wa kijivu mwenye umbo la papa anayeuzwa kama kambare wa mapambo, Ariopsis seemanni, naye ni wa kwenda baharini. Bunju wa madoa ya kijani anahitaji chumvi akikua, na anahitaji konokono wa kuvunja kila wiki ili meno yake yasizidi kurefuka mpaka ashindwe kula. Asiwekwe na yeyote mwenye mapezi marefu.

Kwa vipimo vya haidromita (kifaa kinachopima chumvi kwa uzito wa maji), wadogo wa mono na skati waanzie 1.005, yaani takriban gramu 7 kwa lita. Wakiwa na urefu wa kiganja wawe 1.010 hadi 1.015, na wakishakomaa 1.020, kama gramu 27. Kipimo hicho cha mwisho tunakipenda kuliko vyote, kwa kuwa tangi la bahari lisilo na matumbawe wala kamba, lenye samaki tu, huendeshwa vyema kwenye 1.020 pia. Hapo mono na skati waliokulia karibu na maji baridi, moli waliohamishwa, na samaki wa bahari wagumu wanakutana bila mmoja wao kuvumilia kwa ajili ya mwingine. Hilo ndilo tangi la mchanganyiko tunaloweza kulitetea. Linataka nafasi lakini: lita 500 au zaidi kwa mono watano na skati wawili, maana mono akiwa peke yake huogopa kila kivuli, na akiwa na wenzake wawili tu mkubwa humtesa mdogo.

Asiye na nafasi hiyo ana tangi zuri la lita 100 hadi 120 kwenye 1.004 au 1.005: moli, na gobi wadogo wa mistari ya manjano na meusi (Brachygobius) wasiozidi sentimita 4. Gobi hao hawali chakula cha chembechembe, au hukila kwa shida. Wape vidudu vya maji hai au vilivyogandishwa. Kwa chumvi hiyo ndogo hata mimea michache hustahimili, hasa anubiasi na jimbi la Java. Juu ya 1.005 mimea ya kawaida huoza. Mkoko unaota, ukinyunyiziwa majani kwa maji baridi ili chumvi isigande juu yake, ila usiutegemee kusafisha maji. Hukua polepole mno kuweza kula taka za samaki wakubwa.

Sasa chumvi yenyewe. Chumvi ya mezani haifai, wala ile ya mawe inayouzwa kwa ajili ya kutibu samaki wa maji baridi. Zote mbili ni sodiamu kloridi karibu tupu. Chumvi ya bahari ya matangi ina magnesiamu, kalsiamu, potasiamu na kaboneti zinazoshika pH isianguke, na samaki wa milango ya mito anazihitaji kama anavyoihitaji sodiamu. Kwa kila gramu 10 za chumvi unazolenga kwa lita, pima kama gramu 11 za unga, kwani unga huwa na unyevu ndani yake. Jaza maji kwanza, ondoa klorini na kloramini (dawa za maji ya bomba), washa pampu, ndipo umwage chumvi kidogo kidogo. Ukitangulia kuweka chumvi na kumwagia maji juu, kalsiamu na kaboneti hukutana zikiwa nzito mno na kuganda kuwa unga mweupe usioyeyuka tena. Acha yachanganyike siku nzima. Maji yaliyochanganywa dakika kumi zilizopita hupimwa vibaya na huchoma matamvua.

Kwa kupima, haidromita ya mkono wa plastiki hudanganywa na kiputo kimoja cha hewa kilichonata. Iguse kwa kidole mpaka viputo vitoke, isuuze kwa maji baridi kila ukimaliza. Rifraktomita, inayopima chumvi kwa jinsi mwanga unavyopinda majini, ni bora zaidi mradi irekebishwe. Wengi hurekebisha sifuri kwa maji yaliyokenekwa na kuridhika. Kifaa kinaweza kusoma sifuri sawasawa na kikakosea kwenye 35. Tumia kimiminika cha kurekebishia cha gramu 35 kwa tangi la bahari, na kwa maji ya nusu chumvi hakikisha pande zote mbili, sifuri na 35.

Hesabu mbili kila mwenye tangi hili azifahamu. Ya kwanza ni ya maji yanayokauka. Tangi la lita 200 lenye gramu 10 kwa lita lina kilo 2 za chumvi. Lita 20 zikikauka, chumvi haikuondoka: kilo 2 zile zile sasa zimo ndani ya lita 180, nayo ni gramu 11.1. Kwa hiyo kinachojazwa baada ya kukauka ni maji baridi, kidogo kila siku, kufikia mstari uliochorwa kwenye kioo. Anayejaza maji ya chumvi anapandisha tangi bila kujua, na ukifika mwisho wa mwezi samaki wake wako mahali asipopataka. Ya pili ni ya kupandisha kwa kubadili maji. Tangi lile la lita 200 liko gramu 5, unataka 7. Ukitoa lita 50 zinabaki lita 150 zenye gramu 750. Lengo ni gramu 1,400. Pungufu ni 650, ambazo ziingie ndani ya lita 50 mpya, yaani maji mapya yawe na gramu 13 kwa lita. Mimina kwa mpira mwembamba, mbali na samaki. Kwa tangi hili la kudumu, tofauti na lile la pembeni la moli, panda hatua moja ya namna hii kwa wiki, si zaidi.

Samaki siyo sababu pekee ya mwendo huo. Bakteria wanaogeuza amonia kuwa nitriti na nitriti kuwa nitrati nao wana chumvi waliyoizoea. Ukiruka kutoka 1.005 hadi 1.015 kwa siku moja, chujio hulegea na amonia hupanda kwenye tangi lililokuwa limetulia mwaka mzima. Tena amonia ya maji haya ni kali kuliko ya tangi la neoni. Kwa pH ya 7 na joto la nyuzi 25, sehemu yake yenye sumu haifiki asilimia 1. Kwa pH ya 8.2 hukaribia asilimia 8. Nusu miligramu kwa lita ambayo kambare wa maji baridi angeivumilia, huku ni dharura. Kwa hiyo pima amonia siku ya pili na ya nne baada ya kila hatua, na ikionekana hata kidogo, punguza chakula, badili maji kwa chumvi ile ile, na usipande. Nitriti ndiyo habari njema pekee: kloridi ya chumvi hushindana nayo kwenye mlango wa matamvua, hivyo madhara yake hupungua.

Oksijeni nayo hupungua chumvi inavyoongezeka. Kwenye nyuzi 25 maji baridi hubeba karibu miligramu 8.2 kwa lita, bahari kamili kama 6.7. Elekeza mdomo wa chujio kwenye uso wa maji uuvunje, na pampu ipitishe maji ya tangi zima mara sita hadi kumi kwa saa. Kifaa cha kutoa povu la protini kisikuvutie mapema. Katika chumvi ndogo viputo ni vikubwa na povu halishiki. Huanza kufaa ukipita 1.015 hivi. Weka mchanga wa matumbawe au aragonaiti chini, pH iwe kati ya 7.8 na 8.4. Chuma chochote kitoke ndani na juu ya tangi, pamoja na skrubu za taa, kwani chumvi hupanda kwa matone na kugandia kila kiungo. Nyaya za umeme zining'inie chini kidogo ya soketi kabla ya kupanda kuingia, ili tone linaloteremka lidondoke sakafuni.

Dalili za kukosea hazifanani pande mbili. Samaki aliyezidiwa na chumvi hubana mapezi, hutoa ute mwingi mpaka ngozi inaonekana na ukungu, macho na tumbo huingia ndani, hupumua haraka. Aliyepungukiwa na chumvi huvimba, macho hutokeza, magamba huanza kusimama, na hujilaza chini bila kutaka kula. Wa kwanza mrudishe hatua moja ya chumvi aliyokuwa nayo, ndani ya saa chache, kwa kuwa kushuka kunamlemea kidogo kuliko kupanda. Wa pili mpandishe polepole, hata kama unaona huruma na ungetaka kumwagia chumvi yote mara moja. Na usidhani maji ya nusu chumvi yanakukinga na vimelea vyote. Madoa meupe ya maji baridi na yale ya bahari yote hupata shida humo, lakini Amyloodinium, kile kinachofanya samaki aonekane kapakwa vumbi la dhahabu, huvumilia kuanzia chumvi kidogo sana hadi bahari kamili. Karantini ya wiki nne, yaani kumtenga samaki mpya kwenye tangi la peke yake, ibaki pale pale.

Kwa anayempenda neoni na klauni wote wawili, na hataki kumwacha yeyote, dawa ni kioo. Tangi moja lenye ukuta wa kioo katikati, pande mbili zenye chujio, hita na maji yake, likitazamwa kutoka mbele huonekana kama ulimwengu mmoja, hasa ukipanga mawe ya rangi moja pande zote. Ukuta huo uwe na unene ule ule wa vioo vya nje, kwa sababu siku utakapopunguza maji upande mmoja, upande wa pili utausukuma kwa uzito wake wote. Silikoni ipakwe pande zote mbili za ukuta na iachwe ikauke wiki nzima. Kabla ya kuingiza samaki, jaza upande mmoja tu kwa maji yenye rangi ya chakula, acha siku mbili, uone kama rangi inavuja. Geuza, ujaribu upande wa pili. Baadaye, pima chumvi ya upande wa neoni kila wiki ingawa hukuweka chumvi yoyote huko: kipimo kikianza kupanda kutoka sifuri, ukuta umeanza kupitisha, na una siku chache za kuwahamisha kabla silikoni haijaachia.